Mama Maswali, Karani Aliyekataa Kuunganisha Swali la Maji

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi, korido ya ghorofa ya pili bado haijakauka deki. Milango yote imefungwa isipokuwa mmoja. Ndani yake kuna meza mbili, kabati la chuma ambalo mlango wake unafungwa kwa kuusukuma na goti, na kipaza sauti kidogo kilichopigiliwa ukutani juu ya kalenda.

Kwenye meza ya dirishani amekaa mwanamke wa miaka hamsini na tisa, miwani puani, kalamu nyekundu mkononi. Mbele yake amesimama mbunge. Si kwamba kiti hakipo. Kiti kipo tena kina mto, lakini katika chumba hiki mheshimiwa hakai mpaka asome swali lake kwa sauti.

Mbunge anasoma. Karani anafumba macho, anasikiliza. Kufika katikati, kidole chake kinapanda juu.

"Hapo, mheshimiwa. Unataka kujua nini?"

Mbunge huyu akiwa ukumbini hunguruma hadi mitambo inapiga mluzi. Hapa anajikuna kidevu na kusema anataka kujua serikali ina mpango gani na barabara yake. Karani anamwambia kwa upole kwamba mpango upo, hajawahi kuona serikali isiyo na mpango, na jibu hilo angeweza kumpa yeye mwenyewe bila kumsumbua waziri. Mheshimiwa anacheka, anafuta, anaandika upya akiwa bado wima. Aliingia na swali la maneno mia moja na arobaini. Anatoka na la maneno ishirini na sita, jasho likimtoka.

Huyo ndiye Mama Maswali. Jina lake halisi limo kwenye jalada la utumishi, lakini katika siku nne nilizokaa chumbani kwake sikumsikia mtu akilitumia, kuanzia mfagizi hadi Spika.

Kazi yake ni kupokea maswali ambayo wabunge wanataka kuwauliza mawaziri: visima, madaraja, zahanati, nguzo za umeme, walimu wasiotosha. Anayapima kwa kanuni, anayaandikisha, anayapeleka wizarani, na majibu yakirudi anayapangia siku. Haruhusiwi kumtungia mbunge swali wala kuongeza neno. Anachoruhusiwa ni kumuuliza mwenye swali anataka kujua nini, na hicho kibali kidogo amekitumia kwa miaka ishirini na saba kama fundi anavyotumia timazi.

Daftari zake zinaonyesha maswali elfu kumi na moja na mia tatu na ushee. Nilimpima kwa kubahatisha, nikamtajia mwaka na mada. Akaniambia swali liliulizwa na nani, waziri alijibu nini, na kama alikuwa anasoma au anasema kutoka kichwani. Nilimjaribu mara sita nikaacha, maana niliona najiaibisha mwenyewe.

Mumewe, fundi baiskeli, anasema nyumbani hali ni hiyo hiyo. "Nikiuliza chakula kipo, naulizwa: unataka kujua kama kipo, au kama kimeiva? Siku hizi naenda mwenyewe jikoni kufunua sufuria."

Hata hivyo sikwenda pale kwa ajili ya kumbukumbu yake. Nilikwenda kwa sababu ya swali moja, ambalo lilikuwa limepangwa namba kumi, la mwisho kabisa, siku ya mwisho ya mkutano wa Bunge.

Mwenye swali ni mbunge mpya, mwanamke ambaye kabla ya siasa alikuwa mkunga kwa miaka kumi na tano. Zahanati aliyofanyia kazi imejengewa wodi ya wazazi, nzuri, yenye vigae na mabomba yanayong'aa. Miaka miwili sasa mabomba hayo hayajatoa tone. Kwa mwezi wanajifungua pale akina mama arobaini hivi, na kila mmoja anaagizwa aje na maji yake. Asiyekuwa na wa kumbebea huyachota mwenyewe, uchungu ukiwa umeshaanza, kwenye kisima kilicho mwendo wa nusu saa.

Mkunga alipolileta swali lake wiki tatu zilizopita, lilikuwa linauliza lini wodi ile itakamilishiwa huduma ya mabomba. Alisimama, akasoma. Kidole kikapanda.

"Aliniuliza ninachotaka kujua ni mabomba au maji," anakumbuka mkunga. "Nikaona kama ananichezea. Nikamwambia mama, si ni kitu kimoja? Akanitazama tu. Nikafikiria wale kina mama na ndoo zao. Nikachukua kalamu, nikafuta mabomba."

Swali likawa: lini maji yatatoka katika wodi hiyo, tarehe ngapi?

Hapo ndipo shida ilipoanza. Ratiba ya siku ya mwisho ilikuwa imefurika, na mkuu wa idara akashauri swali la mkunga liunganishwe na la mbunge mwingine aliyeuliza kuhusu maji ya shule. Kanuni inaruhusu. Maswali mawili yanayofanana yanajibiwa kwa pamoja, muda unaokolewa, kila mtu anakwenda nyumbani mapema. Mama Maswali akakataa.

Mkuu wa idara, kijana mwenye adabu aliyefundishwa kazi na mama huyu huyu, alimkumbusha kwamba likibaki peke yake litakwenda mwisho wa foleni. Kipindi cha maswali kinaanza saa tatu na kinafungwa kwa kengele saa nne na nusu, hata kama mtu yuko katikati ya neno. Swali lisilofikiwa hujibiwa kwa maandishi. Jibu la maandishi halina swali la nyongeza: mbunge anapewa karatasi, anatia saini, na habari imeishia hapo. Kwa mkunga ingekuwa miezi minne ya kusubiri mkutano mwingine, sawa na akina mama mia moja na sitini.

Kwa nini basi akaiweka rehani nafasi ya mkunga namna ile? Nilimuuliza siku ya pili. Akafungua kabati la chuma, akatoa jalada la miaka kumi na tisa iliyopita, akausukuma mlango kwa goti.

Mwaka ule wabunge wawili waliuliza kila mmoja kuhusu daraja la miguu la kwao. Yeye, akiwa bado anatafuta sifa ya kupanga ratiba safi, aliyaunganisha. Waziri akasimama na kusema daraja litajengwa kabla ya mvua. Wabunge wote wawili wakapiga meza. Lilijengwa moja. La pili halikuwahi kuwamo kwenye jibu, lakini kwenye daftari likasomeka limeshajibiwa, na kanuni inazuia kurudia swali lililojibiwa mwaka huo huo. Mvua ikaja. Mwalimu mmoja alivuka kwenye magogo kwenda kufungua darasa, akachukuliwa na maji.

"Niliisoma gazetini, hapa hapa nilipokaa," alisema. "Nikachukua ile karatasi nikaitazama. Mwandiko ni wangu. Hakuna mtu aliyenilaumu hata siku moja, mwanangu, kwa sababu hakuna aliyejua. Mimi najua."

Tangu siku hiyo hajaunganisha maswali. Wakubwa wamekuja na kuondoka, kila mmoja akiudhika kwa zamu yake, na ratiba zake ndizo ndefu kuliko zote katika jengo lile.

Basi siku ya mwisho nilikuwa nimekaa naye chumbani. Makarani wa ngazi yake hawaingii ukumbini. Hufuatilia kwa kile kipaza sauti cha ukutani. Alikuwa na orodha ya shughuli mbele yake na kila swali lilipokwisha alilipiga mstari.

Maswali matano ya kwanza yalikwenda vizuri. La sita likazaa maswali ya nyongeza manne. Kwenye la nane waziri mmoja akaanza kueleza historia ya barabara tangu enzi za babu zake. Saa nne na dakika kumi na saba. Mama Maswali alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mimi nilikuwa nimeacha kuandika kitambo. Sijawahi kumtakia mtu kukatishwa maneno kama nilivyomtakia waziri yule wa barabara.

Saa nne na dakika ishirini na nne, sauti ya Spika ikaita swali namba kumi na kuomba liwe kwa kifupi. Tukasikia kiti kikisogea.

"Mheshimiwa Spika, naomba swali langu namba kumi lipatiwe majibu."

Waziri alisoma kwamba serikali inatambua umuhimu wa afya ya mama na mtoto, na kwamba anayo furaha kuliarifu Bunge kuwa miundombinu ya maji katika wodi hiyo imekamilika kwa asilimia mia moja. Meza zikapigwa. Nilimgeukia Mama Maswali nikiwa nimekata tamaa, nikamkuta ametulia kama mtu anayesikiliza taarifa ya hali ya hewa.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba jibu lile lilikuwa kwenye bahasha mezani kwake tangu alfajiri. Alikuwa amelisoma. Alijua mkunga anakwenda kukutana na nini, na walisalimiana koridoni asubuhi ile wakaulizana hali za nyumbani, basi. Kiapo chake hakimruhusu kudokeza jibu, naye hakupepesa hata kope. Ningekuwa mimi ningekohoa angalau.

Mkunga alisimama kwa swali la nyongeza.

"Mheshimiwa Spika, mabomba yamekamilika, ni kweli, mimi nimeyafuta vumbi kwa mkono wangu. Sikuuliza mabomba. Naomba Mheshimiwa Waziri asome swali langu kama lilivyoandikwa."

Kupitia kile kipaza sauti kilichochakaa tulisikia karatasi zikipekuliwa. Kisha Spika mwenyewe akalisoma swali, polepole, neno kwa neno, akasema: "Mheshimiwa Waziri, swali linauliza maji. Na linauliza tarehe."

Sitaki kuficha nilichokiona, maana ndicho kilichonifanya niandike makala haya. Neno moja lililofutwa kwa kalamu wiki tatu nyuma, katika chumba chenye kabati bovu, lilikuwa limemziba waziri njia zote za kutokea. Asingeweza kusema mpango upo, wala kwamba fedha zinatafutwa.

Dakika mbili zilibaki. Tuliambiwa baadaye kwamba karatasi ndogo ilitoka kwenye viti vya maofisa wa wizara, ikapita mikono mitatu hadi kwa waziri. Akakohoa. Akasema bomba kuu halijaunganishwa na tangi kwa sababu ya kipande cha mita mia sita, na kwamba serikali inaahidi mbele ya Bunge maji yatatoka ifikapo tarehe ishirini ya mwezi wa tisa.

Kengele ikalia. Mama Maswali hakupiga makofi. Alifungua daftari kubwa la ahadi za mawaziri, akaandika tarehe ile kwa wino mwekundu, akaikausha kwa kuipulizia.

Mkunga alipanda ngazi mbio hadi chumbani, akasimama mlangoni akihema. Mama Maswali alimwonyesha kiti chenye mto, akamwambia leo akae bila kusoma chochote. Mkunga alikaa, akalia kidogo, akajifuta kwa mtandio, akaondoka kuwahi gari la kwao.

Tulipobaki wawili nilimuuliza ni miradi mingapi ameishuhudia kwa macho kati ya hayo maswali elfu kumi na moja. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza ameshafika mwezini mara ngapi. Hajaona hata mmoja. Kisima, daraja, darasa, vyote amevijua kwa karatasi. Likizo zake ziliishia kuuguza mama mkwe na kusomesha watoto wanne, na zahanati ya mkunga iko mwendo wa siku nzima kwa basi, kisha pikipiki, na magoti yake hayapatani na pikipiki.

Anastaafu tarehe thelathini na moja ya mwezi wa nane. Wenzake wameanza kumwandalia sherehe. Lakini mpango alio nao, ambao mpaka jana alikuwa amemwambia mumewe peke yake, ni wa siku ishirini baadaye. Atapanda hilo basi, na hiyo pikipiki pia, aende mpaka kwenye wodi ile akafungue bomba kwa mkono wake. Mumewe atamsindikiza. Baba wa watu ameshaanza kulalamikia viti vya basi.

Nilimuuliza atafanya nini maji yakitoka. Akasema atanawa uso, atawapongeza wazazi watakaokuwapo, atarudi nyumbani kupumzika.

"Na yasipotoka, mama?"

Alikuwa anafunga kabati. Aliusukuma mlango kwa goti hadi ukalia, akageuka.

"Siku hiyo sitakuwa karani tena, mwanangu. Nitakuwa mwananchi. Nitaandika swali."