Picha Haisemi Karibu

Siku ya kwanza tulipojuana alinivunjisha ukuta. Nilikuwa nimetoka kubeba zege kichwani hadi kusimamia jengo langu mwenyewe, nikaona dunia iko kiganjani. Akaja mkaguzi wa majengo, mrefu, mwembamba, shati limepigwa pasi hadi mikunjo inakata. Akatoa mfukoni uzi wenye kipande cha chuma mwishoni, timazi, akauning'iniza kando ya ukuta, akafumba jicho moja.

"Umelala," akasema.

"Kidogo tu, mzee. Tuelewane."

"Mimi na wewe tunaweza kuelewana. Ukuta na ardhi je?"

Kupatana ndiyo riziki yangu. Nimepatana na wenye malori, na wenye machimbo ya mchanga, hata na wakwe. Kwa mtu yule niligonga mwamba. Ukuta ukavunjwa, mafundi wakamwita Mzee Timazi, naye akalipokea jina kama mgeni aliyepewa kiti.

Kazi ilipokwisha hakuondoka. Alikaa juu ya tofali, akatoa sukari yake iliyofungwa kwenye karatasi, akaomba chai isiyotiwa sukari. "Sukari ya mkandarasi huingia machoni," alisema. Hakutaka fadhila hata ya kijiko. Lakini maneno aliyala bure: nani mkewe kajifungua, nani kafukuzwa na mwenye nyumba, nani anakohoa. Kila nilipojenga, kikombe chake cha bati kilikuwa na msumari wake.

Siku moja mvua ilimkuta kwenye jengo langu, nikampeleka nyumbani kwake. Vyumba viwili, sahani moja juu ya meza. Redio ilikuwa ikiongea. Aliiacha hivyo tangu asubuhi. "Nikirudi nikute mtu anazungumza," akasema, akacheka. Mkewe alikuwa ameshafariki. Binti yake ameolewa mbali na hupiga simu sikukuu.

Kisha ofisi yao ikaleta mfumo wa simu. Kabla ya kumwaga zege unapiga picha nondo zilivyofungwa, unaituma, mkaguzi anaitazama akiwa mezani, jibu linarudi. Hakuna tena kumngoja mtu juani huku gari la zege likinguruma. Niliupenda, na bado naupenda. Msimamizi wa mafundi wangu, mama mwenye ulimi wa pilipili, alisema, "Siku hizi nondo zinapigwa picha kama bibi harusi. Bado poda tu."

Kanuni ilikuwa hivi: picha ikikataliwa mara mbili, mkaguzi afike mwenyewe. Basi picha zangu zikaanza kukataliwa. "Kivuli." Tukapiga upya. "Ukungu." Ukungu gani, jua la utosi! Akaja, akazitazama nondo kwa muda usiotosha kufunga kamba za viatu, akapitisha, kisha akakaa hadi mafundi wakaosha vyombo. Jengo lililofuata, vilevile.

Nikamvuta pembeni.

"Mzee, nondo zangu zina kosa?"

"Hazina."

"Na picha?"

Akakoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka zamani. "Picha nzuri. Lakini picha haisemi karibu."

"Mfumo una mahali pa malalamiko. Nikiandika, watatazama ulizokataa, na pensheni yako iko mlangoni. Sijaandika. Ila gari la zege halinywi chai."

"Unanitisha?"

"Napatana."

Akakitazama kikombe. "Sema bei."

"Picha inayostahili, ipitishe. Nami mafundi wangu watasimama ndani ya picha, kando ya nondo. Kanuni haikatazi."

"Na yule mama?"

"Yule atajisimamisha mwenyewe."

Hakuja tena. Majibu yakawa yanarudi chapuchapu, na chini yake, penye nafasi ya maoni, kulikuwa na zaidi. "Nondo sawa. Fundi wa kulia amekonda, anaumwa?" Haumwi, tukamjibu, ameachwa na mke. "Mwambieni ale." Yule mama akanuna: "Mimi nimenenepa, hilo halioni?" Mafundi wakaanza kunawa nyuso kabla ya picha.

Halafu mfumo ukaboreshwa. Picha yenye mtu ikawa inarudishwa na mashine yenyewe kabla haijamfikia mzee. Nafasi ya maoni nayo ikafutwa. Likabaki neno moja: imepitishwa. Siku moja yule mama alikitundika kikombe cha bati kwenye ncha ya nondo, akapiga picha, akatuma. Jibu likawa lilelile, ila lilichelewa kuliko yote.

Mzee Timazi alistaafu na faili safi. Nikampigia simu, nyuma yake redio ilikuwa inaongea.

"Njoo unywe chai, mzee. Mafundi wanakuulizia."

"Nije kukagua nini?"

"Huna la kukagua. Njoo tu."

"Asiye na kazi kwenye jengo anazuia njia."

Nikajaribu mlango mwingine. "Basi kuna ukuta umelala."

"Timazi unayo?"

"Ninayo."

"Umeutazama?"

"Nimeutazama."

"Basi umeshauona," akasema, akanishukuru, akakata.

Mimi nilipata majengo yaliyokwisha kwa wakati. Yeye alipata pensheni yake nzima, hakuna aliyemgusa. Hayo ndiyo tuliyopatana, na kila mmoja alitimiza. Tulipohamia jengo jipya yule mama alikipakia kikombe bila kuambiwa, akatafuta msumari, akakitundika. Hakuna anayekinywea. Nami simwambii akiondoe.