Kidole cha Mama na Taa Nyekundu

Mama aliingia hospitali ya Gitega akiwa na vidole vyeusi. Kule Buhinyuza, mkoani Muyinga, familia ya jirani ilikuwa imerudi kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, na kwetu waliotangulia kurudi ndio huwapikia wanaofuata. Sisi wenyewe tulipokewa hivyo amani ilipopatikana. Kwa hiyo mama, kifua kikimbana, alikaa uani akamenya ndizi mbichi za watu wote, na utomvu ukamgandia mikononi. Nilipokwenda kumchukua nilimgombeza njia nzima. Alinijibu kwamba ndizi hazijimenyi.

Mapafu yake yalikuwa yamechakazwa na moshi wa kuni, miaka ya kambini na miaka ya baada ya kurudi. Muuguzi alimwekea mpira wa oksijeni puani, kisha akambana kidoleni kile kibanio chenye taa nyekundu, kilichokuwa kimoja tu kwa wodi nzima. Namba iliyotokea ilikuwa mbaya. Muuguzi alikunja uso, akasema anakwenda kumtafuta daktari.

“Hiyo taa inatafuta nini kwenye kidole changu?” mama aliniuliza.

Mimi ni mwalimu wa kemia. Nilimweleza kama ninavyowaeleza wanafunzi, ila kwa Kiswahili chetu cha kambini badala ya Kifaransa cha darasani kinachonikaba koo hadi leo. Nikamwambia hakuna kitu kilichotulia. Kitanda, ukuta, damu, vyote ni atomu zilizoshikana, na hapo zilipo zinacheza, mbele nyuma, mbele nyuma, kama mzigo uliofungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli. Zilizo nyepesi na zilizokazana hucheza haraka. Nzito na zilizolegea hucheza polepole. Ukihesabu zinakwenda na kurudi mara ngapi kwa sekunde moja, hesabu hiyo ndiyo masafa yake, na ni kubwa mno hata kuandika sifuri zake ubaoni kunachosha mkono. Ndani ya atomu, elektroni nazo zina mitikisiko yao, ya haraka zaidi. Mwanga pia ni mtikisiko. Molekuli haipokei mwanga wowote tu: huupokea ule wenye masafa yanayolingana na yake, mwingine huuacha upite. Damu iliyobeba oksijeni huuacha mwekundu upite kwa wingi, na isiyobeba huumeza. Mashine inapima kilichotokea upande wa pili wa kidole, na namba yake inasema damu imebeba oksijeni kiasi gani.

Mama alifikiri huku akivuta pumzi kwa shida. “Kama kwenye kinu,” alisema. “Wenzako wakitwanga, huwezi kuingiza mchi wako hivi hivi. Usipofuata mwendo wao watakufukuza.”

Nikamwambia ndivyo hasa. Kwa dakika chache nilijawa na furaha ya kijinga, nikiona kama kuelewa kwake kungemponya. Akamgeukia mama mmoja Mkongomani wa Kivu Kusini, muuza vitenge wa soko la Gitega, aliyekuwa akimuuguza mumewe kitanda cha jirani, akamwambia kwamba mwanawe anafundisha vitu visivyoonekana.

“Na batoto banamuamini?” yule mama aliuliza, nasi sote tukacheka. Mama alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi hakikutaka kuisha.

Ndipo nilipovitazama vile vidole. Weusi humeza mwanga wa kila namna. Basi mashine haikuwa ikisoma damu ya mama, ilikuwa ikisoma ndizi! Nililing'ang'ania wazo hilo. Nilimwomba muuza vitenge mafuta yake ya kupikia, maana utomvu hautoki kwa sabuni, nikakaa ukingoni mwa kitanda nikasugua kidole kile kwa pembe ya kanga. Weusi ukaanza kutoka. Nilitarajia kukuta ukucha wa rangi yake, nikakuta wa buluu, rangi ya damu isiyobeba oksijeni. Nikaendelea kusugua, kana kwamba ile buluu nayo ni doa. Mama aliniacha nisugue.

Nilipokirudisha kibanio, namba ilikuja ndogo kuliko ya kwanza.

Daktari alifika, akafungulia oksijeni hadi mwisho wake, akasikiliza kifua, akanishika bega. Hapakuwa na mashine nyingine ya kumsaidia kupumua. Nilijua kila kitu kilichokuwa kikitokea ndani ya mwili ule. Nilijua mwanga gani unamezwa na kwa nini, ningeweza kuuchorea mchoro wake, na sikuweza kuipandisha namba ile hata kwa moja. Niliichukia kemia yote. Mwanafunzi wangu wa mwisho darasani angekuwa na faida sawa na mimi pale.

“Imesema nini?” mama aliuliza.

“Kidole sasa ni kisafi,” nilimjibu.

“Sikukuuliza kidole.”

Alinitazama usoni, akaona jibu, akalikubali upesi kuliko nilivyolikubali mimi. Akaniuliza kama wale waliorudi walishiba. Nikamwambia walishiba, mpaka wakabakiza.

Alifariki mchana, wakati jamaa wa wagonjwa wengine wakigawa chakula. Kibanio kiliendelea kuwaka taa yake nyekundu kidoleni, bila namba. Muuguzi alikitoa, akakifuta kwa pamba, na kwa kuwa ni kimoja, akakibana moja kwa moja kwenye kidole cha mume wa muuza vitenge. Kikasoma mara moja.

Yule mama alikuwa bado amenishika mkono. Alikuwa akilia pamoja nami, na mikono yake inanukia mafuta yale yale. Akatazama kibanio, akatazama mlangoni, muuguzi alikuwa ameshatoka, kisha akanigeukia kwa sauti ya chini sana.

“Munisamehe, mwalimu. Hii namba ya bwana yangu, iko muzuri?”

Nikafuta macho, nikainama kitandani kwa mumewe, nikasoma. Nikamwambia ni nzuri.