Nilikata Uzi wa Wavu, Kichwa cha Mkwe Kikalipa

Jamani, kosa ni langu. Sitamsingizia shetani, maana siku ile hata yeye angenishauri nipunguze ujinga.

Mimi ni kinyozi. Kibanda changu kiko Kibirizi, kwenye soko la kando ya ziwa, hatua chache kutoka dagaa wanapoanikwa, kwa hiyo mteja wangu akitoka ananukia spiriti kwa mbele na dagaa kwa nyuma. Mashine ninayo kama wenzangu, lakini sifa yangu ilikuwa wembe wa kukunja, ule wa zamani wenye mpini wa mfupa. Alinipa baba mdogo, aliyenilea, macho yake yalipoanza kufifia.

Alinifundisha kuunoa kwenye jiwe lenye maji, polepole, kisha kuupitisha kwenye mkanda wa ngozi. Na kuujaribu alinifundisha. Unang'oa unywele mmoja wa kichwani kwako, unaushika kwa ncha, unaushusha juu ya makali. Ukikatika wenyewe bila kusukumwa, wembe uko tayari. Usipokatika, rudi kwenye jiwe.

"Na baada ya hapo usiuguse kitu kingine ila kichwa cha mteja," alisema.

Sasa, unywele mmoja nani anauona? Kibirizi ni sokoni! Watu wanataka kuona kitu. Wavuvi wakitaka kujua kama kisu kinakata, wanakijaribu kwenye uzi wa wavu. Nami nikaiga. Navuta kipande cha uzi wa nailoni mbele ya wateja, napitisha wembe, paa! Uzi chini. Wapagazi wanashusha magunia waje kutazama. Nikajiona bingwa wa mkoa mzima. Debe tupu haliachi kuvuma.

Kumbe uzi ule hata kisu cha kuparia samaki kinaukata! Na kila nilipoukata, makali yalikuwa yanakufa kidogo. Vijana niliowanyoa hawakulalamika. Wakisikia maumivu walidhani ndiyo kunyolewa kwenyewe.

Basi, nikampenda Zaituni. Msichana wa Ujiji, mcheshi, anacheka mpaka anashika ukuta. Naye alinipenda, sijui aliona nini. Tukakubaliana nipeleke barua ya posa. Washenga wangu wakapangiwa Ijumaa, baada ya swala.

Ijumaa hiyo asubuhi, namuona nani mlangoni? Baba yake Zaituni! Mzee mfanyabiashara wa dagaa, kanzu nyeupe, kofia nyeupe, anayenyoa kipara kila wiki.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba. Bwakeye, kijana," akaniamkia na kwa lugha ya nyumbani. "Washenga wako watasema mengi mchana. Nimekuja kuona mkono wako kwanza."

Moyo ulinipasuka kwa furaha! Wembe nilikuwa nimeunoa alfajiri, na unywele ulikatika vizuri kabisa, wallahi. Ningenyamaza nikamnyoa, leo ningekuwa na mke. Lakini ningenyamazaje na watu wamejaa mlangoni? Nikavuta uzi. Paa! Nikavuta wa pili. Paa! Wa tatu nikaukunja mara mbili ili nimkomeshe kabisa mkwe wangu kwa ufundi.

Baba mdogo alikuwa amekaa kwenye benchi lake pale mlangoni. Akainua kichwa.

"Mwanangu, huo wembe umeshakufa. Nimesikia. Rudi kwenye jiwe."

Mbele ya mkwe! Mbele ya wapagazi! Aibu ikanipanda, ulimi ukanitangulia.

"Baba mdogo, wewe siku hizi huoni hata mlango ulipo. Wembe utauona wapi?"

Watu walicheka. Yeye akarudi kupapasa fimbo yake. Kicheko kile nakisikia mpaka leo.

Nikaanza kunyoa. Mara ya kwanza wembe uliteleza. Mara ya pili ukashika. Mara ya tatu, jamani, ulikuwa haunyoi tena, unang'oa! Mzee akakaza meno, chozi likamtoka jicho la kushoto. Ningesimama hapo, ningesema samahani Mzee, nimeuharibu. Wapi! Sikio la kufa halisikii dawa.

"Nywele zako ngumu sana Mzee," nikasema. "Hizi ni za watu wa zamani."

Nikaongeza nguvu. Nilipomaliza, kichwa cha mkwe kilikuwa na mabaka kama shamba lililolimwa na mbuzi, na damu sehemu tatu. Akachukua kofia yake, akaivaa, akaondoka. Kabla hajafika barabarani, kofia nyeupe ilikuwa na madoa mekundu.

Washenga walikwenda. Wakarudi na barua haijafunguliwa, na ujumbe kwa mdomo.

"Mwambieni kichwa kitapona. Lakini mzee aliyemlea kamwambia wembe haufai, akamtukana kipofu mbele za watu. Siku binti yangu akimwambia amekosea, atamwambiaje?"

 

Nilimwangukia baba mdogo, akanisamehe palepale, jambo lililoniumiza kuliko kama angenichapa. Akanirudisha kwenye jiwe kama mwanafunzi. Zaituni alilia, mimi nikalia, lakini kwa baba yake mlango ulikuwa umefungwa.

Mwaka huu ameolewa na fundi wa kuchomelea wa Buzebazeba. Na mnajua bwana harusi alinyolewa wapi? Kwangu! Mzee alimleta mwenyewe, akakaa kando ya baba mdogo kuangalia. Niliunoa wembe. Nikashusha unywele, ukakatika wenyewe. Uzi sikugusa. Nikamuuliza baba mdogo kama unafaa, akasikiliza ukipita kwenye mkanda, akasema unafaa.

Nikamnyoa yule bwana ndevu bila tone la damu. Mzee akapitisha kiganja kwenye shavu la mkwe wake.

"Sasa umejua kazi," akaniambia.

Sasa! Na ndoa ilikuwa saa kumi jioni hiyohiyo.

Vijana wenzangu, mwenzenu nimeshanyolewa, nyinyi tieni maji. Ukiambiwa na mkubwa wako kwamba wembe haufai, funga domo, rudi kwenye jiwe, hata kama watu wanacheka. Mimi nilirudi nimechelewa, na mtu niliyemnolea wembe wangu vizuri kuliko wote ndiye aliyekwenda kumuoa Zaituni.