Jogoo Niliyemchinja Mwenyewe

Harufu ya manyoya ya kuku yaliyolowa maji ya moto si ya kusifia. Lakini kila ninapoisikia narudi kwetu Lindi, asubuhi ya Krismasi, nina miaka kumi na gauni jipya linaloniwasha shingoni.

Wazazi wangu walishuka kutoka misheni ya Rondo kabla sijazaliwa. Mtaani Wakristo tulikuwa peke yetu, na chakula cha sikukuu tulikula na majirani. Kwa hiyo kila mwaka jogoo wetu alichinjwa na Babu Salumu, muuza nazi wa nyumba ya pili, ili na wao waweze kula. Alikuja na kisu chake amekizungushia gazeti, akamwelekeza jogoo kibla, akasoma yake, basi.

Mwaka ule Babu alichelewa, alikwenda kuzika. Mama alibaki kanisani kupanga mabenchi. Mimi nilitaka pilau iive haraka nikatembeze gauni langu. Nikamkanyaga jogoo mabawa, nikamchinja kwa kisu cha mboga. Haikuwa kazi ya mara moja. Tone la damu liliingia kwenye upindo wa gauni, nikalikunjia ndani. Mama aliporudi nikamwambia Babu ameshapita.

Pilau ilipoiva nilitumwa kwake na sahani iliyofunikwa kawa. Nilimkuta ndiyo kwanza anatoka mazikoni, miguu ina vumbi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Nani kawachinjia?"

Jibu nilikuwa nalo tayari. "Fundi baiskeli."

Akaniamini. Akanawa, akasema Bismillahi, akanyoosha mkono.

"Babu, usile," nikasema. "Nimechinja mimi."

Mkono ukabaki hewani. "Kwa kisu gani?"

"Cha mboga."

"Kile butu cha mama yako? Masikini jogoo wa watu."

Alifunika sahani, akanishika mkono, tukarudi kwetu. Nilijua napelekwa kuchapwa. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akalisogeza kando sufuria la pilau, akabandika muhogo.

"Wape watoto nyama, mama," Babu alisema. "Sikukuu yenu hii."

"Yetu na nani, kama wewe huli?"

Tukakaa mkekani, tukala muhogo na samaki wa jana. Babu alinitania kila tonge, ananiita mchinjaji mkuu. Mimi nilitafuna muhogo wangu nikilia. Niliona nimeiharibu Krismasi.

Kwa miaka mingi nilikihesabu kisa hiki kuwa cha uongo wangu. Nilipopata kipaimara nikakiona cha toba. Kila Krismasi padri alihubiri kwamba Mungu alikuja kukaa nasi, nami niliitikia amina, mawazo yakiwa kwenye pilau.

Mwezi wa tisa mwaka huu tulimzika Mama. Babu Salumu, ambaye siku hizi anatembelea fimbo, alikuja akaketi kwenye mkeka wetu siku tatu. Nyimbo zetu hazijui, na maneno ya kufariji hakuwa nayo. Alikaa tu. Siku ya tatu, nikimtazama, ndipo nikaelewa padri alikuwa anasema nini miaka yote ile, na kwa nini Mama alilisogeza lile sufuria.

Leo ni Krismasi. Jogoo amefungwa mguu hapo mlangoni. Mkono wa Babu unatetemeka sasa, nitamshikia jogoo. Anakuja polepole, na maji ya kunyonyolea yameshapoa mara mbili. Nimeyarudisha motoni.