Mawe ya Shangazi

Shangazi yangu ana nyumba nzuri kuliko zote za mteremko ule, na haipendi. Usimwite mwehu, nisikilize kwanza.

Shamba la mizabibu la babu, baba yake, lilikuwa mawe matupu. Vidole vilichubuka kila palizi, na shangazi ana mdomo.

"Baba, hapa tunalima zabibu au makaburi?"

"Hayo mawe yanafanya kazi kuliko wewe," babu akamjibu.

Akamweleza: mchana yanashika jua, usiku yanayarudishia mashada joto lake. Mvua ikinyesha, maji yanapenya katikati yake na kwenda zake, mzizi unalazimika kuyafuata chini. Ndiyo maana zabibu zetu zilikuwa ndogo na tamu, na mvinyo wake haukufanana na wa bondeni.

Shangazi akacheka. Babu alipozeeka na kumwachia shamba, akayazoa mawe yote akajenga nyumba, ili mzee apate chumba kisichovuja. Alikuwa na nia njema kabisa, hilo sibishani na mtu.

Msimu uliofuata mvua ikatuama shambani. Mizabibu ikanenepa majani, zabibu zikavimba maji. Mvinyo ulipokuwa tayari, akampelekea babu glasi chumbani. Mzee akaonja, akaiweka chini taratibu.

"Nyumba ni nzuri, mwanangu."

Kabla ya mavuno mengine tukamzika.

Mimi na kiherehere changu nikamshauri shangazi abomoe, ayarudishe mawe.

"Yameshashikana na saruji," akasema. "Na nikiyarudisha, ataonja nani?"

Basi, nyuma ya jiko, kwenye vifusi vya ujenzi, alikuwa amepanda mzabibu mmoja ukutani, wa kivuli tu. Mwaka jana ukazaa mashada madogo. Akayakamua, akapata chupa moja. Juzi tuliifungua, tumekaa tumeegemea ukuta ule. Jua lilikuwa limezama, lakini mawe bado yalikuwa na joto mgongoni.

"Ni ule ule wa babu," nikasema nilipoonja.

"Najua. Ndiyo maana unaniuma."

Alikuwa analia, wala hakujificha. Akamimina glasi nyingine, akainuka nayo, akaingia ndani. Nilimsikia akifika mlango wa chumba cha babu, akisimama, kisha akirudi.