Majibu ya Damu ya Kasansa

Nilikuwa mkalimani wa watafiti waliokuja Kasansa kupima damu na mkojo wa watoto wa wafugaji. Hawakujua Kisukuma, kwa hiyo ahadi zao zote zilitoka kinywani mwangu. "Majibu mtaletewa," niliwaambia akina mama, nao wakawashikilia watoto wakati sindano ikiingia.

Masika yakapita bila jibu. Siku moja mnadani, mama mmoja akaniziba njia. Mwanawe alikuwa anakojoa damu.

"Dada, si wewe uliyesema? Damu ya mtoto wangu nyie mliipeleka wapi?"

Wiki hiyohiyo nikapanda basi kwenda Mpanda, ambako watafiti walikuwa wanawasilisha kazi yao ukumbini. Ukutani niliikuta picha ya mtoto yuleyule. Walieleza kwamba kichocho kimewajaa watoto wa Kasansa, na watu wakapiga makofi.

Nikasimama. "Mbona hamkutuambia?"

Kiongozi wao akanijibu kwa upole kwamba kurudisha majibu hakukuwemo kwenye mpango wa utafiti.

"Lakini mlinituma nikaahidi!"

Nilifoka mpaka mlinzi akaitwa. Sikutoka pale hadi waliponipa orodha ya watoto waliokutwa wanaugua. Niliifikisha zahanati, na watoto wakaitwa, wakanywa dawa. Yule wa picha naye alipona.

Muuguzi akaniambia dawa hizo zilikuwepo kabatini muda wote. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo.