Biriani ya Kampeni ya Talal

Mama yangu, Bi Muhsina, ana mdomo mkali kwa kila kitu isipokuwa chakula alichokwisha kutoa. Ukila kwake umekula. Halitaji hilo hata mkigombana. Bibi yangu, mzawa wa Unguja, alimfunza kuwa masimango ni uchafu, na somo hilo mama alilishika kuliko yote ya chuoni.

Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akipika vitumbua na mikate ya kumimina jikoni kwetu, mtaa wa Mabela, akipokea oda kwa simu. Alitamani kitu kimoja tu: kibanda kwenye bustani mpya ya manispaa, chenye jina lake mlangoni. Vibanda vilipotangazwa, akaomba. Mimi Rawya, binti yake, ndiye niliyemjazia fomu.

Swali la saba liliuliza kama mwombaji aliwahi kumsaidia mgombea yeyote wa baraza la manispaa, kwa fedha, kitu au huduma. Nikanyanyua kichwa. Mwaka uliotangulia Talal, mtoto wa mjomba, aliyelelewa na mama tangu ana miaka sita, aligombea na akashinda. Wiki nzima mama aliwapikia biriani wageni wake wa kampeni, bure, mpaka mikono ikamvimba.

Nikasema tuandike. Mama akampigia Talal kwanza. Talal akacheka, akasema hayo ni mambo ya nyumbani, shangazi hamchangii mtoto wake. Tena akaomba tusimtaje, watu wasije wakamsema. Nikaandika hapana. Mpaka leo najuta kuwa mtiifu namna ile.

Baada ya mwezi tukaitwa manispaa. Karani, mtu mpole, akatuonyesha tamko la Talal mwenyewe: biriani, sufuria kumi na nne, kutoka kwa Muhsina binti Saeed. Alilipeleka siku tatu baada ya fomu yetu, aliposikia wajumbe wa baraza wanakaguliwa. Yeye akaonekana mkweli. Mama akaonekana mwongo, ombi lake likafutwa, na kibanda akapewa mtu mwingine.

Nilitaka kwenda kumtukana Talal. Mama akanikataza, akamwita chakula cha mchana Ijumaa. Kikulacho ki nguoni mwako, nikamwambia; akanijibu nikatie chumvi mchuzi.

Talal akaja, akakaa, akala. Akasema hakuwa na budi, nafasi yake ingempotea.

"Nnakufahamu," mama akasema. "Lakini siku ile uloandika, simu ilikushinda? Na mie ningekwenda nikabadilisha fomu yangu."

Talal akainamia wali. "Niliogopa, Shangazi. Nilidhani ukijua utawahi wewe kunisema, mie nionekane mwongo."

Kibanda mama angekisahau, lakini kudhaniwa vile na mtoto aliyemlea kulimuuma, na niliona kulivyomuuma. Halafu mwanamke huyu, ambaye hajawahi kumsimanga mtu, akaivuta sahani ya Talal, wali ungali nusu, akaipeleka jikoni.